Tarakilishi Kongwe Inapoganda: Uchunguzi wa Chanzo na Tiba katika Mazingira ya Kisumu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kauli hii huwafaa wavuvi wa Dunga na Usenge wanaosoma anga kabla ya kusukuma mashua majini, na humfaa vilevile mtu aliyeketi mbele ya tarakilishi kongwe nyumbani kwake, kiwambo kikiwa kimesimama kama picha ukutani. Mashine haifi ghafla ila kwa nadra. Aghalabu hutoa dalili kwa wiki au miezi, na mwenyewe huzipuuza kwa kuwa kila akiizima na kuiwasha upya, hurejea kazini.

Makala hii inadhamiria kueleza jinsi ya kuzisoma dalili hizo. Inazingatia mazingira ya Kisumu na ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kwa sababu joto, unyevu, wadudu, radi na umeme usiotulia vina nafasi kubwa katika maradhi ya mashine hizi. Aidha, inadhamiria kuonyesha kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha kulieleza jambo hili kwa usahihi, na kwamba usahihi huo wa lugha ni sehemu ya tiba yenyewe.

Ili maelezo yasielee hewani, chukulia mfano wa mwalimu anayeishi Manyatta, ambaye pia ni mwanafunzi wa uzamili. Mfano huu si wa mtu mmoja mahususi, bali ni wa wengi. Tarakilishi yake ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo. Ndani ya diski yake mna sura tatu za tasnifu na rekodi za sigana, yaani ngano za Kijaluo, alizozikusanya kwa wazee wa Mbita na Kendu Bay. Mmoja wa wazee hao amekwisha kufariki. Sauti yake imo katika diski hiyo peke yake. Mashine hii sasa inaganda mara tatu au nne kwa siku.

Kuganda ni nini?

Kisumu ni mji uliopo karibu na ikweta, kwenye kimo cha takribani mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Maji hayagandi huko ila ndani ya jokofu, na barafu huonekana zaidi mahali ambapo mbuta hupangwa tayari kusafirishwa. Hata hivyo, kitenzi 'kuganda' hakijawahi kuwa kigeni. Uji huganda, samli huganda, damu huganda, maziwa huganda. Katika matumizi yote hayo, kitu kilichokuwa kikitiririka huacha kutiririka. Ndiyo maana kitenzi hiki kiliitwaa maana mpya ya tarakilishi bila kushurutishwa.

Tatizo ni kwamba watumiaji wengi huliita kila kosa kuganda. Fundi anapoambiwa kuwa mashine 'imeganda', hupokea habari pungufu. Kuna hali nne zinazofaa kutenganishwa.

Ya kwanza ni kukawia. Mashine huitika amri, lakini baada ya muda mrefu. Kipanya husogea kwa kusitasita, na taa ya diski humetameta bila kupumzika. Ya pili ni kuganda kwenyewe: kipanya hakisogei, saa iliyo pembeni mwa kiwambo imesimama, na sauti iliyokuwa ikisikika hukatika au hurudia silabi moja bila kikomo. Ya tatu ni kuzimika, ambapo mashine hukata pumzi ghafla kana kwamba umeme umepotea. Ya nne ni kujizima na kujiwasha yenyewe.

Kipo kipimo chepesi cha kutofautisha kukawia na kuganda. Mtumiaji abonyeze kitufe cha herufi kubwa kwenye kicharazio. Iwapo kitaa chake kinawaka na kuzima, mfumo ungali hai na unahitaji subira tu. Iwapo kitaa hakibadiliki hata baada ya dakika tano, mashine imeganda kweli, na haina budi kuzimwa kwa kushikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa. Kuchomoa waya ukutani kila mara ni tabia mbaya, kwa kuwa diski inayokatiwa umeme ikiwa katikati ya kuandika huweza kuyaharibu mafaili.

Hatua ya awali: kuokoa kabla ya kutibu

Kosa kubwa wanalolifanya wengi ni kuanza na ukarabati. Wengine hukimbilia kusakinisha upya mfumo wa uendeshaji, kazi ambayo yaweza kufuta kila kilichokuwemo. Kanuni ya kwanza ni kuyanakili mafaili yasiyoweza kupatikana kwingine, kabla ya kufungua hata skrubu moja. Akiba haiozi.

Kwa mwalimu wa Manyatta, mpangilio unajieleza. Rekodi za wazee ndizo za kwanza, kwa kuwa tasnifu yaweza kuandikwa tena kwa jasho ilhali aliyefariki hahojiwi tena. Tasnifu ni ya pili. Picha za familia ni za tatu. Programu haziokolewi, kwa maana hupatikana tena. Kunakili huko kufanywe alfajiri, wakati chumba kingali na ubaridi, na kufanywe kwa mafungu madogo. Endapo mashine haivumilii hata hivyo, diski huweza kutolewa na kuunganishwa kwenye tarakilishi nyingine iliyo nzima. Nakala ziwe mbili, na moja isikae nyumba moja na mashine.

Jambo la pili ni daftari. Kwa siku tatu, mwenye mashine aandike saa ilipoganda, muda iliokuwa imewashwa, programu iliyokuwa wazi, sauti zilizosikika na hali ya umeme. Mwalimu anapoandika hivyo, anagundua kwamba mashine haigandi kamwe saa mbili asubuhi, bali kati ya saa nane na saa kumi mchana, takribani nusu saa baada ya kuwashwa. Kadhalika anaona mara mbili ilipoganda jioni, zote akiwa anafungua kabrasha la rekodi. Dalili hizo mbili hazifanani, na huenda zina vyanzo viwili.

Joto, vumbi na wadudu wa ziwani

Kichakataji, ambacho ndicho ubongo wa tarakilishi, huzalisha joto jingi kikifanya kazi. Joto hilo hupokewa na kipande cha alumini au shaba chenye mapezi membamba, kisha hupeperushwa na feni. Feni hutumia hewa ya chumbani, na kwa hiyo haiwezi kukipoza kichakataji kufikia chini ya joto la chumba chenyewe. Mchana wa Kisumu mara nyingi hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi, na nyumba ya mabati isiyo na dari hupita hapo. Mashine iliyobuniwa ikae katika ofisi yenye ubaridi huanza kazi yake ikiwa na mzigo.

Juu ya hayo kuna vumbi. Isitoshe, kuna nzi wadogo wa ziwa, wale wanaoinuka majini kwa wingi hadi wakaonekana kwa mbali kama moshi, na ambao usiku hufuata taa hadi ndani ya nyumba. Hufa kwa maelfu. Feni huvuta mabaki yao pamoja na vumbi, na unyevu wa hewa huvishikanisha vitu hivyo vikawa utando mzito kama blanketi kati ya mapezi. Mdudu na tarakilishi wana historia ndefu. Mnamo Septemba 1947, mafundi wa mashine iliyoitwa Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo amenaswa ndani ya swichi mojawapo, wakambandika kwenye daftari lao la kazi. Jina la mdudu lilikuwa likitumiwa na wahandisi kwa maana ya hitilafu hata kabla ya hapo, lakini nondo yule aliifanya tamathali hiyo kuwa kweli. Kando ya Ziwa Viktoria, ukweli huo hurudiwa kila msimu.

Kichakataji kikizidiwa na joto hupunguza kasi yake, na joto likipanda zaidi huizima mashine ili kisiungue. Kwa hivyo kukawia kunakofuatwa na kuzimika, hasa mchana, ni ishara ya joto. Vipande vingine visivyo na kinga hiyo hukosea hesabu, na hapo ndipo mashine huganda.

Tiba yake ni usafi. Mashine izimwe, waya uchomolewe, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe ili umeme uliosalia uishe. Mwenye kuifungua aguse kwanza chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiziunguze sakiti. Vumbi litolewe kwa brashi laini na kipulizio, huku feni ikizuiwa kwa kidole isizunguke, kwani upepo mkali huweza kuiharibu. Kitambaa chenye maji kisitumiwe. Feni inayokoroma, inayoyumba au isiyozunguka ibadilishwe. Kati ya kichakataji na mapezi huwa pana grisi maalumu ya kupitisha joto. Katika mashine ya miaka kumi na zaidi, grisi hiyo mara nyingi imekauka kama udongo, na inafaa ifutwe na tone dogo jipya litiwe.

Kikasha cha umeme kilichomo ndani ya mashine kisifunguliwe nyumbani kamwe. Kapasita zake huweza kuhifadhi umeme wa kudhuru hata baada ya waya kuchomolewa.

Umeme usiotulia

Umeme wa nyumbani nchini Kenya hukusudiwa kuwa volti 240. Inapotokea jioni kila nyumba imewasha taa, pasi na majiko, nguvu huweza kushuka, na unaporejea baada ya kukatika huweza kuja kwa kishindo. Taa ya kawaida hufifia tu. Tarakilishi hujizima na kujiwasha.

Mashine zilizoundwa kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi zina udhaifu wa ziada. Katika kipindi hicho viwanda vingi vilitumia kapasita zilizokuwa na kimiminika kibovu, na mashine za kampuni nyingi duniani ziliathirika. Kapasita ni vile vijitungi vidogo vilivyosimama kwenye ubao mama. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Iliyoharibika huvimba kichwani au huvuja utandu wa rangi ya kahawia. Fundi hodari wa redio huweza kuzing'oa na kuzichomelea nyingine kwa gharama ndogo, na ujuzi huo haujapotea miongoni mwa mafundi wa jua kali mjini Kisumu.

Radi nayo ina sura yake. Ukanda wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Kifaa cha kusawazisha umeme husaidia kwa mawimbi ya kawaida, na betri ya akiba humpa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi yake. Lakini hakuna kifaa cha nyumbani kinachoweza kuistahimili radi iliyopiga karibu. Mawingu yanapojikusanya upande wa Nandi au juu ya ziwa, kinga ya hakika ni kuchomoa waya wa umeme pamoja na waya wa mtandao.

Hapa inafaa kusahihisha dhana moja. Wengi huilaumu betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama. Betri hiyo ikiisha, saa na tarehe hupotea kila mashine inapozimwa, na tovuti nyingi hukataa kufunguka kwa sababu ya tarehe isiyo sahihi. Kwa kawaida haisababishi mashine kuganda.

Kumbukumbu na diski

Kumbukumbu ya muda ni vibao vyembamba vilivyochomekwa katika mifereji ya ubao mama. Unyevu wa ziwani huweza kutia kutu miguu yake. Vibao hivyo vichomolewe, miguu isuguliwe taratibu kwa kifutio cha penseli, vipanguswe, kisha virudishwe hadi vifungo vilie. Kama vipo viwili, kila kimoja kijaribiwe peke yake kwa siku nzima. Ipo pia programu ya bure iitwayo Memtest86, ambayo huviandikia vibao na kuvisoma tena usiku kucha. Kosa hata moja linatosha kukihukumu kibao kuwa kibovu.

Diski ngumu ya kale ina sahani zinazozunguka kwa kasi kubwa na mkono unaosoma karibu mno na uso wake. Sehemu ya sahani ikichakaa, mkono hurudia kusoma pale pale mara nyingi, na mfumo mzima hungoja. Dalili yake ni kiwambo kusimama huku taa ya diski ikiwaka mfululizo, hasa faili lile lile linapofunguliwa. Mlio wa kugonga kwa vipindi ni wa hatari zaidi: mashine izimwe mara moja. Diski nyingi pia hujiwekea kumbukumbu za afya yake, na programu za bure huweza kuzisoma. Ukaguzi wa diski ufanywe baada ya kunakili, kwa sababu ukaguzi wenyewe huilazimisha diski dhaifu kufanya kazi kubwa. Wakati mwingine kosa huwa ni la waya unaoiunganisha, nao ni rahisi kubadilishwa.

Programu na umri

Pale ambapo vyuma havina kosa, lawama huhamia kwenye programu. Programu nyingi hujiandikisha zianze pamoja na mashine, zikaijaza kumbukumbu kabla mwenyewe hajafungua chochote. Programu mbili za kupambana na virusi zikiwekwa pamoja hupigania kila faili. Diski iliyojaa hadi pomoni huunyima mfumo nafasi ya kazi. Virusi navyo husambazwa sana kwa vihifadhi vidogo vinavyopitishwa kutoka tarakilishi moja hadi nyingine katika saiba na maabara za vyuo.

Lipo jaribio moja linaloamua ubishi kati ya vyuma na programu. Mashine iwashwe kwa mfumo huru wa Linux uliowekwa katika kihifadhi kidogo, bila kuigusa diski. Ikiganda huko pia, kosa lipo katika vyuma: joto, umeme au kumbukumbu. Isipoganda kwa siku nzima, kosa limo katika diski au katika programu zilizomo.

Umri nao ni hoja. Windows XP iliacha kusahihishwa na watengenezaji wake mwezi Aprili 2014, Windows 7 mwezi Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025. Mashine yenye mifumo hiyo huendelea kuwaka, lakini haifai kuunganishwa na intaneti bila uangalifu. Aina nyepesi za Linux huweza kuipa uhai mpya. Wala lugha haikuwa kikwazo: mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi zilizoitwa Jambo OpenOffice, ambazo menyu zake zilikuwa za Kiswahili.

Kuunganisha ushahidi

Kanuni inayozitawala hatua zote ni kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Anayesafisha vumbi, kubadilisha kumbukumbu na kusakinisha mfumo mpya siku moja huenda akapona tatizo, lakini hatajua dawa ilikuwa ipi.

Mwalimu wa mfano wetu ananakili kwanza, alfajiri tatu mfululizo. Kisha anaipeleka mashine kwa fundi, na badala ya kusema 'imeganda', anamsomea daftari lake.

"Mwalimu, hapa umenipunguzia kazi," anasema fundi. "Hii ya mchana ni joto. Hii ya jioni, tuiangalie diski."

Utando wa vumbi na wadudu unatolewa, feni inabadilishwa, na kuganda kwa mchana kunakoma. Kwa kubadilisha hilo pekee, chanzo cha kwanza kinathibitika. Kuganda kwa jioni kunabaki, na ukaguzi unaonyesha sehemu za diski zilizochakaa. Diski mpya inawekwa. Rekodi zote zimeokoka ila moja: sigana ya mzee aliyefariki inacheza hadi katikati, kisha inanyamaza. Nusu ya pili ilikuwa imeandikwa juu ya sehemu iliyochakaa. Laiti nakala ingalifanywa siku ya kwanza mashine ilipoganda, huenda hadithi ingalifika mwisho wake.

Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba kuganda kwa tarakilishi kongwe kuna vyanzo vinavyoweza kupambanuliwa kwa utaratibu: kuokoa, kuandika, kusafisha, kupima, kisha kuamua. Zipo mashine ambazo gharama ya kuzitengeneza hupita thamani yake. Hizo zisichomwe wala kutupwa jaani, kwa kuwa zina risasi na sumu nyingine zinazoweza kufika kwenye maji wanamozalia ngege na omena. Zipelekwe kwa wanaokusanya taka za elektroniki, baada ya diski kufutwa.

Hatimaye, somo lililo kubwa zaidi linawahusu hasa wanafunzi wa fasihi. Kizazi kilichopita kilihifadhi ngano katika vichwa vya wazee, na mzee alipofariki, ngano zilifariki naye. Kizazi hiki kimezihamishia katika diski, kikidhani kimezipa uzima wa milele, ilhali diski nayo huzeeka, huugua na hufa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na kuna kuta ambazo matofali yake, yakishapotea, hayafyatuliwi tena.